Jumamosi ya Kupima Volvo na Saab

Kwa miaka zaidi ya thelathini Evald Norgren na shemeji yake Holger walibishana juu ya jambo moja tu, na walilibishania mezani kwa Gunvor, wakinywa kahawa ya Gunvor. Holger alikuwa mume wake. Evald alikuwa kaka yake, amemzidi miaka sita. Holger alikuwa na Volvo Amazon nyeupe ya mwaka sitini na sita, aliyoachiwa na baba yake. Evald alikuwa na Saab nyekundu ya turbo ya mwaka sabini na tisa, aliyoinunua mpya kabisa kwa mshahara wa mwalimu wa udereva, mkewe Solveig asimsemeshe wiki nzima.

"Hilo lako ni jiko la kuni lenye magurudumu," Evald alikuwa akisema.

"Na lako ni lazima kwanza lijadiliane," Holger alikuwa akijibu, akitia ugoro chini ya mdomo. "Unakanyaga mafuta leo, linaondoka keshokutwa."

Kila kiangazi waliapa kwamba mwaka huu watapima. Uwanja wa zamani wa ndege za jeshi ulikuwa kilomita sita tu kutoka kijijini, lami mita elfu moja na mia nane, imenyooka, haina mtu. Lakini kila mwaka kulitokea jambo. Theluji iliwahi kuanguka, au klachi ya mmoja iliisha, au kulikuwa na harusi. Gunvor aliijua sababu yenyewe. Holger alijua atashindwa, Evald naye alijua kwamba Holger anajua, na hakuna kati yao aliyetaka ule ubishi ufike mwisho.

Holger alikufa Machi ya mwaka uliopita, moyo ulisimama akiwa anapanga kuni bandani. Baada ya mazishi Evald aliendelea kuja kunywa kahawa kila Jumapili. Aliketi pale pale alipozoea, akakitazama kiti cha mbele yake, na mara nyingine akafungua mdomo kama mtu anayetaka kuchokoza, kisha akaufunga.

Ilikuwa Alhamisi moja ya Septemba ndipo Marit, binti wa pekee wa Evald, alipopiga simu kutoka mji wa Umeå.

"Shangazi, daktari ameshaandika. Barua ya kumnyang'anya baba leseni itafika wiki ijayo. Lakini amesema asiendeshe kuanzia leo hii. Naomba uende ukachukue ufunguo."

"Mbona usimwambie mwenyewe?"

"Nimemwambia mara tatu." Sauti ya Marit ilikwaruza. "Kila nikimwambia, kwake ni mara ya kwanza. Na analia kama mara ya kwanza. Mimi siwezi tena, shangazi. Chukua ufunguo tu. Ni kitu kimoja hicho ninachokuomba."

Gunvor alivaa koti akaenda. Kwa Evald ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alimkuta mbele ya banda la gari, amenyoa ndevu vizuri, amekunja mikono ya shati, anaikausha Saab kwa kitambaa. Mwaka mzima Gunvor hakuwa amemwona na uso wa namna ile.

"Umekuja wakati mzuri," Evald alisema. "Jumamosi tunapima."

"Tunapima nini?"

"Usijifanye. Jiko lako na gari langu. Mumeo ametoroka, basi utaendesha wewe. Nimekufundisha mwenyewe, sitegemei uniaibishe."

Gunvor alikuwa ameshapanga maneno njiani. Alikuwa amepanga kusema, "Kaka, nipe ufunguo." Alikuwa mwanamke aliyeendesha basi la maktaba kwa miaka ishirini na tisa katika barabara za barafu, na hakuwa mtu wa kuogopa kusema neno. Lakini alimtazama kaka yake akisugua kioo cha pembeni kwa ncha ya kidole, na yale maneno yakamkwama. Aliwaza kwamba uwanja ni mtupu. Aliwaza kwamba yeye atatangulia na Evald atamfuata polepole, kilomita sita tu, mchana ambao watu wako msituni wakichuma matunda. Siku moja. Baada ya hapo atauchukua ufunguo, na Evald atakuwa amepata lile alilolingoja nusu ya maisha yake.

"Jumamosi," alisema. "Saa sita mchana."

Marit alipopiga tena jioni ile, Gunvor alimwambia kwamba mambo yako sawa.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Miti ya mibetula yenye magome meupe ilikuwa imeshageuka njano na uwanja wote ulinuka majani yaliyooza. Nguzo za lango zilikuwa zimebaki bila lango, katika ncha zote mbili za lami, kwa sababu magari ya magogo hupita pale kuelekea barabara ya Tallsele. Gunvor aliliona lile pengo la upande wa pili, mbali kule mwisho wa lami, wala hakulifikiria.

Evald aliendesha vizuri njia nzima. Ishara alizitoa kwa wakati na kona alizikata kwa ustadi. Aliposhuka alisugua mikono na kutoa mfukoni saa ya kupimia mbio, ile aliyokuwa akiwapimia wanafunzi wake.

"Kwanza, kutoka kusimama mpaka mwendo wa mia," alisema. "Jiko litangulie."

Gunvor aliketi nyuma ya usukani wa Amazon, Evald pembeni yake na saa mkononi. Alikanyaga. Injini ilinguruma, nyuma ya gari ikainama kidogo, wakaondoka. Alipiga gia ya pili, ya tatu, mshale ukapanda bila haraka. Ulipogusa mia akapaza sauti, "Mia!"

Evald alikuwa akitazama nje ya dirisha.

"Mia, Evald! Zima saa!"

"Eh?" Aliitazama saa kama kitu alichopewa na mtu njiani. Ilikuwa imeshafika arobaini na moja na inaendelea. Kisha akacheka. "Sekunde arobaini na moja! Nilimwambia Holger, lile ni jiko."

Gunvor alicheka naye. Walirudia. Safari hii saa aliishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto huku akiendesha, akapata sekunde kumi na tatu na nusu. Kisha akahamia kwenye Saab, kiti cha abiria, na Evald akakanyaga.

Hapo alisahau kwa muda kwamba kaka yake ni mgonjwa. Mikono yake ilijua kila kitu. Gari lilisita kidogo, kama Holger alivyosema siku zote, halafu turbo ikaamka kwa mluzi mwembamba na kitu kikamsukuma Gunvor mgongoni mpaka kichwa kikagonga kiti. Sekunde tisa nukta mbili. Evald alikuwa na miaka sabini na minne, lakini pale alikuwa kijana mwenye nywele.

"Umeona?" alisema. "Umeona, Gunvor? Miaka kumi na mitatu kati ya magari haya mawili. Watu hawakulala ile miaka kumi na mitatu."

Walipima breki kutoka themanini, juu ya lami yenye unyevu. Amazon ilichukua mita thelathini na nane na kuvutia kushoto. Saab ilisimama kwa mita thelathini na moja, imenyooka. Gunvor alihesabu kwa hatua zake mvuani, na kila hatua ilimsogeza karibu na kazi aliyoiahirisha. Alisema, "Basi, kaka. Umeshinda. Twende tukanywe kahawa."

"Bado moja. Gia ya nne, kutoka arobaini, bega kwa bega. Hiyo ndiyo aliyokuwa akijidai nayo Holger. Alisema katika gia ya nne ataniacha kabla turbo yangu haijafumbua macho. Tumtendee haki marehemu."

Ilikuwa kweli. Holger aliisema ile mara mia. Gunvor hakuweza kuikataa.

Walirudi mwanzo wa lami, wakaenda sambamba, kilomita arobaini kwa saa, vioo vimeshushwa. Evald alipiga honi. Gunvor akakanyaga mpaka mwisho, na Amazon ikavuta mara moja, ikasogea, pua yake ikatangulia, kisha mlango, kisha gari zima. Kwa pumzi chache aliiona Saab nyuma yake kwenye kioo, na akajikuta anapiga kelele peke yake, "Holger! Ulikuwa sahihi!" Machozi yalimtoka bila kutarajia. Hakuwa amemlilia hivyo hata kanisani.

Halafu alisikia ule mluzi. Saab ilipita kulia kwake kama imerushwa, ikamrushia maji kwenye kioo. Gunvor aliondoa mguu na kuanza kupunguza mwendo, maana lami ilikuwa inaisha. Saab haikupunguza. Taa za breki hazikuwaka. Ilipita katikati ya zile nguzo mbili kule mwisho, ikakata kushoto, ikaingia barabara ya Tallsele na kupotea nyuma ya miti.

Alipiga honi, akaendelea kuipiga, kana kwamba mtu angeisikia. Kisha akamfuata.

Yote aliyoyapima mchana ule kwa saa na kwa hatua, sasa yalimgeukia. Barabara ile ilikuwa na vilima na kona, na gari la Holger lilipanda kila kilima likihema. Alilisukuma mpaka mia na ishirini, usukani ukatetemeka mikononi. Mara mbili aliona wekundu mbele, mbali. Mara ya tatu hakuona kitu. Alijua hatampata. Alijua hata ni kwa kiasi gani hatampata.

Kilomita nne baadaye, kwenye kona ya nyumba za kinu cha zamani, alikuta mwanamke amesimama katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili. Gunvor alikanyaga breki, gari likavuta kushoto likasimama. Kando kwenye mtaro kigari cha mtoto kilikuwa kimelala ubavu, gurudumu moja limepinda. Mwanamke alikuwa amembeba mtoto kifuani, mtoto akilia kwa sauti kubwa, kamili. Gunvor aliisikia sauti ile akashuka garini. Mtoto anayelia hivyo ni mzima.

"Gari jekundu!" mwanamke alisema. Meno yalimgongana. "Nililisikia, nikajitupa. Nikamvuta huyu nikajitupa. Kimegongwa kigari kitupu. Kitupu, unaelewa? Nilikuwa nimemtoa sekunde ile ile."

Gunvor alimtambua. Alikuwa Ylva, binti wa watu wa duka la vifaa vya bustani. Gunvor alikuwa akimwazima vitabu vya picha kwenye basi la maktaba alipokuwa mdogo.

"Umeumia?"

"Nilimwona usoni. Alinitazama, hakuniona." Ylva alifuta pua kwa mkono wa koti. "Ni Evald. Evald ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alikuwa akinipigia kelele nisipotazama pembeni ya barabara. Ana nini?"

"Ni mgonjwa. Amesahau... Ni ugonjwa wa kusahau."

"Na ninyi mnajua?"

Manyunyu yalikuwa yakimwingia Gunvor shingoni. Angeweza kusema hapana, na pengine hakuna mtu angejua.

"Mimi nilijua," alisema. "Tangu Alhamisi. Niliambiwa nichukue ufunguo."

Ylva alimfunika mtoto kwa koti. Hakupiga kelele tena, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Nenda ukamkamate kabla hajaua mtu," alisema. Akatoa simu akaanza kupigia polisi, mgongo ameugeuza.

Gunvor alimkuta Evald katika kijiji cha Tallsele, mbele ya jengo la kiwanda cha maziwa. Kiwanda kilifungwa zamani, sasa ni ghala la matairi, na Jumamosi hakuna mtu. Saab ilikuwa imeegeshwa vizuri kabisa sambamba na ukuta, injini inanguruma, Evald ameketi na mikono juu ya usukani. Kioo cha pembeni cha kulia kilikuwa kimening'inia kwa waya.

Gunvor alifungua mlango wa abiria akaketi.

"Wanachelewa kutoka leo," Evald alisema, akitazama mlango wa kiwanda. "Wamemwekea zamu ndefu tena. Nitaongea na yule msimamizi."

Solveig, mkewe, alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na saba. Alikuwa amezikwa miaka tisa iliyopita.

"Zima gari, kaka."

"Atasikia baridi."

"Zima tu. Tutamngoja wote."

Katika Saab ile swichi ya kuwashia iko sakafuni kati ya viti, na ufunguo hautoki mpaka uweke gia ya kurudi nyuma. Gunvor alinyoosha mkono lakini hakuweza kuikanyaga klachi kutoka pale alipoketi. Ikabidi Evald amsaidie. Mguu wake ulikanyaga, mkono wake ukapeleka gia mahali pake, taratibu, kama alivyofanya maisha yake yote, naye akazungusha ufunguo na kumwekea dada yake kiganjani mwenyewe.

Walikaa. Mvua iligonga bati la gari. Baada ya muda Evald aligeuka, akakiona kile kioo kilichoning'inia.

"Nani amevunja kioo changu?"

Gunvor aliutia ufunguo mfukoni.

"Gunvor. Nani amevunja kioo changu?" Alimtazama mdogo wake usoni, na Gunvor akaona kitu kikianza kupanda machoni mwake, polepole, na kikazidi kupanda. "Nimegonga mtu?"

"Hujagonga mtu. Umegonga kigari cha mtoto. Kilikuwa kitupu."

Alifunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mvulana, na Gunvor alimshika bega mpaka polisi walipofika. Wakati wanamsaidia kushuka alikuwa amenyamaza. Alimwuliza yule askari mwanamke, kwa adabu sana, kama anafahamu Solveig anatoka saa ngapi.

Gunvor aliwaambia polisi kila kitu, siku na saa, bila kuulizwa mara ya pili. Kisha akampigia Marit.

Marit alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

"Nilitaka apate siku moja."

"Siku ya nani, shangazi? Yake au yako? Kesho hatakumbuka hata ulikwenda naye wapi. Wewe ndiye utakayekumbuka." Akakata simu. Hawakuzungumza tena mpaka karibu na Krismasi, na hata hapo walizungumza juu ya karatasi za kutia saini.

Wiki tatu baada ya siku ile Gunvor alikwenda kwa Ylva. Alikuwa amenunua kigari kipya, cha aina ile ile, na kukipakia kwenye Amazon baada ya kulaza kiti cha nyuma. Ylva alifungua mlango nusu. Ndani kulinuka uji, na mtoto alikuwa akigonga kijiko kwenye kitu.

"Sikuja kujitetea," Gunvor alisema.

"Najua."

"Nimekuletea hiki."

Ylva alikitazama kile kigari pale uani, kimefungwa bado karatasi ya plastiki. "Mama ameshatununulia," alisema. "Kipeleke kanisani, wana watu wanaohitaji." Kisha, akiwa anaufunga mlango, akasimama kidogo. "Bado naota ile kona. Yeye anaota?"

"Hapana. Yeye hakumbuki."

"Basi umebaki wewe na mimi," Ylva alisema, akafunga.

Evald alipelekwa kwenye nyumba ya wazee mjini mwezi wa Novemba, chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama maegesho. Saab iliuzwa na Marit kwa mtu wa Sundsvall ambaye Gunvor hakumwona. Gunvor humtembelea kaka yake kila Alhamisi. Siku njema anamjua kwa jina, siku mbaya anadhani ni muuguzi na anamwomba radhi kwa usumbufu. Majira ya baridi ya kwanza bado alikuwa akimwuliza, mara moja moja, kama waliwahi kupima yale magari.

"Tulipima," Gunvor alikuwa akimwambia.

"Na nani alishinda?"

"Saab. Kwa mwendo, na kwa breki. Amazon ilishinda gia ya nne peke yake, kwa muda mfupi."

Evald alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika, na kumwomba amweleze tena, na Gunvor alieleza mpaka pale kwenye gia ya nne na hakuendelea zaidi. Kufikia Machi aliacha kuuliza. Hukaa karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, akiyatazama magari yanayoingia na kutoka, na asiseme chochote juu ya hata moja.